Nilivyoukataa Uwakala Nikingoja Rede Mpya

Mtanicheka, najua, na watu wa kijiji chetu cha Quitunda wameshanicheka mpaka wakachoka, wakapumzika, wakaanza upya, lakini leo naisimulia mwenyewe kwa mdomo wangu kwa sababu nimechoshwa na watu ambao siku ile hawakuwapo na kila mmoja anatia chumvi yake, wa juzi nimemsikia kwa masikio yangu sokoni Palma akisema eti nilipanda juu ya antena na kanzu. Sikupanda! Nilishika uzio tu, na hilo nitalieleza.

Tuanze na kampuni ya simu, maana wao ndio walioanza. Mimi fundi cherehani, nina mashine yangu barazani, nashona kanzu, nashona sare za shule, simu kwangu ilikuwa ya kupokea vipimo vya wateja basi. Sasa hawa mabwana wakaanza kutangaza 4G yao, tukaisikia imefika Pemba, tukanyamaza. Ikafika Mocímboa da Praia, kaka yangu Momade anayekaa huko akaniambia siku hizi mtu anatazama mpira kwenye simu mpaka unaisha na mchezaji hajaganda hata mara moja. Ikafika Palma mjini, lakini upande wa chini tu, ukianza kupanda kuja kwetu inakuacha njiani. Nami nikaingiwa na hamu. Nikawa naifuatilia rede (nyie wa ng'ambo ya Ruvuma mnaita mtandao) namna watu wanavyofuatilia mwezi wa Ramadhani, kila nikienda Palma kununua uzi natoa simu nitazame leo imesogea mpaka wapi, wiki hii ipo sokoni, wiki ile imefika kituo cha petroli, nikirudi natangaza barazani, na watu wakanipa jina la Msemaji wa Kampuni. Nilipanga foleni juani kubadilisha chip (laini) ya zamani nipate ya 4G wakati kijiji kizima hakuna 4G ya kuiweka! Hebu niambieni, mtu mzima na akili zake.

Na ule ujumbe wao. "Mteja mpendwa, kasi mpya inakuja kwako." Kwa Kireno, tena saa ya swala. Mpendwa! Anayekupenda hakwambii "nakuja" miezi yote hiyo ukiwa umefagia uwanja unamngoja.

Sasa sikilizeni kuhusu Zainabo, maana bila yeye hakuna mkasa. Zainabo ni binti ya kaka Momade. Mocímboa ilipokuwa haikaliki kwa vita, kaka alimchukua mama yetu mzee na binti yake mdogo akaenda nao Pemba, na Zainabo akaletwa kwangu, alikuja na mfuko mmoja na kandambili za mtu mwingine, akakaa, akasoma, akakulia mikononi mwangu na mwa mke wangu Muanacha. Vitundu vya vifungo alijifunza kwenye mashine yangu, na sasa anavishona vizuri kuliko mimi (hilo msimwambie). Mambo yalipotulia kaka akarudi Mocímboa kujenga upya nyumba yake, Zainabo akabaki kumaliza shule, ndipo akaja kuposwa na kijana seremala wa Palma, kijana mzuri, anaswali, hana maneno mengi. Kaka akaridhia. Siku ikapangwa, Ijumaa, baada ya swala. Kaka akasema atakuja kumuoza mwenyewe mwanawe, hajamuona tangu siku ile ya kandambili. Halafu wiki mbili kabla ya harusi akapanda juu ya paa kupigilia bati, akaanguka, akavunjika paja, mguu mzima ukatiwa plasta.

Akanipigia. Simu ya kawaida, ya sauti, ilikuwa inakwaruza kama kawaida ya rede yetu, na shehe alikuwapo kwangu amekuja kuchukua kanzu yake, nikaweka sauti kubwa asikie.

"Issufo, mdogo wangu, njia siiwezi. Nakupa uwakala, umuoze Zainabo kwa niaba yangu. Shehe asikie."

Nyote mnajua uwakala ni nini, lakini wacha niseme ili muone ukubwa wa ujinga wangu: baba asipoweza kufika anampa mtu ulimi wake, mtu huyo anaketi mkekani mbele ya shehe na mashahidi, anamshika mkono bwana harusi, anatamka maneno mafupi tu ya kuoza, na ndoa imekuwa. Kuna baba wadogo wamekufa na hamu ya kupewa heshima hiyo. Mimi nimeletewa mlangoni, nimekaa kwenye mashine yangu, sijavaa hata viatu.

Nikasema, "Hapana, kaka."

Wallahi nilisema. Na sikusema kwa ubaya, mnisikilize, nilisema kwa sababu asubuhi ileile mteja mpendwa alikuwa ametumiwa ujumbe kuwa kasi mpya itafika Quitunda wiki ya harusi yenyewe, nikaona Mungu amepanga. "Uwakala wa nini na wewe uko hai? Utamuoza mwenyewe, kwa video, uso kwa uso. Nitakuweka kwenye televisheni."

Halafu kaka akauliza, sauti imemshuka, "Kweli nitamuona?"

"Utamuona mpaka hina ya vidoleni."

Shehe wetu si mtu wa kukataa mambo mapya, alifikiri, akavuta ndevu, akasema yeye kwa hili atakubali akiuona uso wa Momade wazi na kumsikia vizuri bila kukatika, kwa sababu anamjua, lakini tamko likikatika katikati si tamko. Kisha akaniambia polepole, "Lakini wewe, Issufo, upokee huo uwakala uukalie. Ukihitajika upo, usipohitajika haukuozei."

"Shehe, nikiupokea itakuwa kama siiamini rede."

Ndani nikamsikia Muanacha anakohoa, kikohozi kile chake kisicho na mafua. Shehe alipoondoka akatoka na ungo wake akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akarudi jikoni. Nikamwona mshamba. Mimi! Mtu ambaye kampuni inamwita mpendwa!

Na kulikuwa na mtu mwingine wa kunitia hasira, Selemane wa ng'onda, huyu mchuuzi anayechukua samaki wa kukausha Mocímboa na kuwauza Palma, si ndugu yetu, ni jirani wa kaka tu, gari lake ukilisikia kwa pua unalijua kabla hujaliona. Alipita kwangu wiki ile, nikamweleza habari za televisheni, akatoa kisimu chake cha vitufe kimefungwa na mpira wa baiskeli, akasema, "Hii inapiga na inapokea. Sijui unataka ifanye nini tena, ikufulie nguo?" Nikamjibu kuwa harusi ya Zainabo si mnada wa samaki. Hayo nayo niliyasema.

Basi, Ijumaa ikafika. Nimeamka alfajiri, natazama simu, hakuna rede. Na simaanishi 4G, hapana, hata ile kongwe yetu ya kukwaruza, hata kijiti kimoja, kioo kimeandika kwa Kireno kuwa hakuna huduma. Muanacha akaniambia, "Baba Asha, mbona simu zote zimekufa?" Na mimi (jamani, nikikumbuka natamani ardhi ipasuke) nikacheka, nikamwambia hiyo ndiyo dalili yenyewe, ya zamani inatoka ili mpya iingie, we ulitaka zikae mbili kama wake wenza? Nikaenda kwa majirani nikawatuliza. Watu walikuwa na wasiwasi, mimi ninawatuliza!

Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini kama watu wote. Mimi nikaomba ifungwe uwanjani kwangu, kwa sababu ya televisheni. Nikaiazima kwa mwalimu wa shule, ile kubwa, nikaiweka juu ya meza, nikatandika kitambaa cheupe nilichodarizi pembeni, mikeka mbele, wanaume mikekani, wanawake ndani na madirishani, na Zainabo chumbani amekaa na hina yake, dirisha nimelichagua mwenyewe ili kaka nikigeuza simu amuone bila tabu. Kaka nilishamwelekeza aketi mbele ya simu ya jirani yake mwingine amevaa lile koti jeusi nililomshonea. Kila kitu tayari. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, natembea kati ya watu na waya mkononi kama mkubwa fulani.

Swala ikaisha, watu wakaja, na watu walikuja wengi kuliko tuliowaalika, maana wengine hawakuja kwa ndoa, walikuja kuona Momade anatoka vipi ndani ya televisheni. Shehe akaketi. Bwana harusi akaketi, joho limemkaa vizuri, jasho linamtoka. Mashahidi wakaketi. Nikapiga.

Kimya. Televisheni rangi ya buluu, tupu.

Nikapiga tena. Nikazima simu nikawasha, nikatoa chip nikaifuta kwa kanzu nikairudisha. Buluu. Mzee mmoja wa mbele akauliza kwa sauti, "Momade ndiyo huyo?" na uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ili nisionekane nimekasirika, lakini nilikuwa nimekasirika, nilikuwa naungua.

Shehe akanivuta. "Issufo, walii yuko wapi?"

"Yupo njiani, shehe, anaingia."

"Bila walii hakuna ndoa. Una uwakala?"

Na hapo, ndugu zangu, nilitaka kusema uongo. Ulimi uliinuka. Lakini shehe alikuwa ananitazama, akajibu mwenyewe kabla sijafungua kinywa, tena hakunong'ona, bwana yule ana sauti ya adhana. "Ulipewa mbele yangu na ukaukataa mbele yangu. Mimi ndiye shahidi wa kukataa kwako. Siwezi kujifanya sikusikia."

Mnielewe, hakukuwa na njia nyingine! Mtu mmoja akasema shehe aozeshe mwenyewe kwa nafasi yake, shehe akakataa, akasema baba yuko hai, yuko Mocímboa, hayuko Uchina, na ametamka kuwa ana hamu ya kumuoza mwanawe, yeye shehe ampore haki yake kwa sababu ya fundi cherehani? Watu wakanigeukia wote. Dirishani nikaona macho ya Zainabo.

Nikafanya kosa la pili. Nikasema, "Nyuma ya hospitali rede inashika!" Maana pale nyuma ya hospitali yetu ndogo ndipo siku zote tukisimama kupiga simu, kila mtu anajua, hata siku mbaya unapata kijiti. Basi tukatoka. Shehe, mashahidi, bwana harusi amelishika joho lisiguse vumbi, wajomba zake kutoka Palma, nusu ya waalikwa na wapita njia wote wa Quitunda, tukapita kati ya zile nyumba za matofali zilizofanana, mimi mbele nimenyoosha simu juu mkono wote, na kila tukipita wanawake wa nyumba ile wanadhani ndoa imeshafungwa wanapiga vigelegele, wakiulizwa wanaambiwa bado, vinakatika katikati. Mmoja akauliza, "Sasa wanampeleka wapi bwana harusi?" akajibiwa, "Hospitali." Maskini, akaanza kulia.

Nyuma ya hospitali hakuna kitu. Tukasimama tunatazama simu yangu, watu wazima na makanzu yao, na njaa imeshaingia, harufu ya pilau inatufuata kutoka kwangu. Mjomba wa bwana harusi akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na alikuwa ananisema mimi. Ndipo akapita mtu na baiskeli kutoka barabarani, akatuambia mbona mnahangaika, huko kwenye antena kuna watu wenye vizibao vya kung'aa, tangu asubuhi wameifungua na vyuma vyake vimelala chini.

Ebo! Damu ikanipanda kichwani. Leo? Ijumaa? Siku zote walizokuwa nazo, tangu walipoanza kunitumia ujumbe wao wa mapenzi, wakakosa siku nyingine ya kuifungua ila siku ya Zainabo? Nikamwambia shehe nakwenda kuwatolea maneno, watawasha watake wasitake. Shehe akasema, "Kaa hapa na watu wako, Issufo. Ndoa haitafutwi kwenye nguzo." Nikamwambia kabla wali haujapakuliwa nitakuwa nimerudi. Nikakunja kanzu kiunoni nikashika njia ya mkato, porini, mpaka kwenye antena.

Nikawakuta. Mlinzi amelala kivulini, na kijana fundi wa kampuni anakula mihogo. Anakula! Nikashika uzio (hapo ndipo ule uongo wa kupanda ulipoanzia) nikautikisa, nikapiga kelele kwa Kireno changu cha shule ya msingi na kikaniishia nikamalizia kwa Kiswahili.

"Mmezima nini nyie?"

"Tio, tulia," akaniita mjomba kwa Kireno yule kijana, mtu wa Nampula kwa lafudhi yake, mpole, na upole wake ndio ulionizidishia hasira. "Tunawawekea 4G."

"Na ile ya zamani mmeipeleka wapi?"

"Ipo kwenye nguzo hiihii, tio. Lazima tuzime yote ndipo tuweke."

"Bila kutwambia?"

"Tumewatumia ujumbe."

"Lini?"

Akamtazama mlinzi, akatazama mihogo. "Leo asubuhi, baada ya kuzima."

Baada ya kuzima! Nilirudia maneno yale kama mara ngapi sijui, baada ya kuzima, baada ya kuzima, nikawa nacheka na kulia, nikamweleza habari ya kaka na plasta na televisheni na shehe, nikamwambia kuna mtu amekaa Mocímboa na koti tangu alfajiri, na kuna binti chumbani hina imemkauka, na wewe unanitumia ujumbe kwenye simu uliyoiua! Yule kijana aliacha kula. Akasema, kwa haki ya Mungu nampa hilo, akasema, "Pole sana, tio. Ngoja nimwambie aliyeko juu aharakishe." Na kweli juu kulikuwa na mtu. Nikangoja. Ningerudi wakati ule ningewahi, najua sasa, lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hupenda kumaliza, nikataka rede iwake mbele ya macho yangu nirudi nayo kama mtu aliyekwenda kuidai kwa nguvu.

Huku nyuma (haya nimesimuliwa) Selemane wa ng'onda akawasili. Gari limechelewa kwa vizuizi vya wanajeshi, amekuja na wazee wawili wa Mocímboa ambao shehe anawajua, na amekuja na uwakala. Kaka alinipigia tangu alfajiri, hanipati, hapati mtu yeyote wa Quitunda, na yeye si mjinga kama mdogo wake, akatuma mtu kumwita Selemane sokoni kabla hajaondoka, akamwambia mbele ya wale wazee: nakupa ulimi wangu, nenda ukamuoze mwanangu. Na Selemane hakusema ngoja nitazame. Akasema nimepokea, akawasha gari. Na kwa sababu njia inafungwa mapema na ilikuwa lazima ageuze kabla jua halijashuka, hapakuwa na nafasi ya kumngoja fundi cherehani aliyekwenda kugombana na nguzo. Shehe akawauliza wale wazee, wakathibitisha, watu wakarudi mikekani.

Mimi nipo uzioni. Simu ikatetemeka mkononi, vijiti vikajaa vyote na pembeni pakaandikwa 4G, nikapiga takbiri! Ujumbe ukaingia: mteja mpendwa, tunakujulisha kuwa leo huduma itakatika. Ukaingia wa pili: hongera, kasi mpya imefika kwako. Halafu simu ikaita, video, nikabonyeza, na kaka Momade akatokea, wazi kabisa, mpaka mshono wa kola ya koti niliuona, na mguu wa plasta juu ya kigoda.

"Issufo! Mbona nyuma yako naona vyuma? Uko wapi?"

"Niko karibu tu, kaka. Sasa tunaanza."

"Selemane amefika?"

"Selemane gani?"

Akaniambia. Akanieleza yote kwa utulivu, alikuwa hata hajakasirika, akasema, "Nilipoona hupatikani, nikasema mwanangu asikae amejipamba akingoja fundi wa simu." Na kabla sijajibu, upepo ukaleta vigelegele kutoka kijijini, na safari hii havikukatika, vikapanda, vikarudi, vikapanda tena. Nikavisikia mimi, na kaka akavisikia kwenye simu yangu.

"Ndiyo hivyo?" akauliza.

"Ndiyo hivyo, kaka."

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. Mimi nilisimama pale nimemshika mkononi namtazama kaka yangu analia, wazi kabisa, bila kukwama. Kisha akasema, "Haya kimbia, nimuone kabla hawajamwinua kumpeleka kwa mumewe."

Nikakimbia. Umri huu, kanzu kiunoni, porini, miiba, simu mbele kama chombo cha maji kisimwagike, kaka ananiambia taratibu utaanguka, na nilipoanza kuona paa za nyumba sura yake ikaganda, mdomo wazi, ikapotea. Ujumbe! Mteja mpendwa, megas zako zimekwisha. Zile megas (nyie mnaita bando) nilizozinunua na kuzitunza wiki nzima sikuzigusa! Baadaye mwalimu alinieleza kuwa simu ilipoona 4G ilianza yenyewe kujishushia mambo yake, haikuniuliza, kama mgeni anayeingia jikoni kwako akafunua sufuria. Nani aliyeiruhusu? Nauliza hadi leo na hakuna anayenijibu, nimekwenda ofisini kwao Palma wakanipa kalenda.

Nilipofika uwanjani pilau limeshapakuliwa. Selemane amekaa mkekani mahali pa walii, kanzu ya kuazima imembana kwapani, bwana harusi anamhudumia nyama kwa heshima. Aliponiona akainuka, hakunicheka, nilitamani anicheke. Akasema, "Karibu, fundi, nimemuoza binti yetu, tumuombee." Na alikuwa amempa Zainabo kile kisimu cha vitufe, yuko mlangoni nacho sikioni, anaongea na baba yake, analia na kucheka pamoja, anamweleza rangi ya nguo na hina imefika wapi, kwa mdomo tu.

Alipomaliza akaniona. Akaja mpaka nilipo, mtoto yule, bibi harusi na marashi yake, akaanza kunitoa mbegu za nyasi zilizoganda kwenye kanzu, moja moja.

"Baba mdogo, ulikuwa wapi? Walipoketi nilikuangalia dirishani. Nikasema labda yuko nyuma ya watu."

"Nilikwenda kutafuta rede, mwanangu."

"Umeipata?"

Muanacha alinishika mkono akanikalisha akanipa sahani, na hakukohoa wala hakunitajia mbacha wala msala, akanimwagia maji ninawe.

Sasa rede ipo. Nasema haki, inakwenda, Quitunda nzima inatazama mpira, watoto wanacheza michezo yao, na watu wananipongeza eti nilikwenda kuitikisa ikawaka (waongo hao). Aliyerekodi ndoa siku ile akaitia kwenye kundi la simu la kijiji, na ninayo. Nimeitazama sijui mara ngapi. Haikwami hata kidogo. Unamwona shehe, unaona mkono wa Selemane umeshika mkono wa bwana harusi, unasikia "nimekuoza" neno zima na "nimekubali" neno zima, unamwona Zainabo dirishani anazungusha macho kati ya watu, na mimi nimejitafuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, simo.

Kaka amenisamehe, anasema hakukuwa na kosa, ni antena. Kuna mdogo wake Zainabo kule Mocímboa ambaye ameanza kuulizwaulizwa, na huko mbele huenda akaolewa huku kwetu, sijui kaka atamwita nani, sina uso wa kumuuliza. Lakini siku akinipigia, iwe kwa 4G, iwe kwa simu inayokwaruza, iwe ni mtu kapita tu barabarani kaniletea salamu, nitasema nimepokea kabla hajamaliza kusema, na ile mashine yangu nitaiacha na kitambaa kimesimama katikati ya mshono, niende nikaketi mkekani mapema.